Miguu, mishumaa na supu: namna ya kuirudisha dhifa ya dansi ya zama za Rijensi

Mjuzi wa dansi za kale akiingia ukumbini hutazama miguu kabla ya magauni. Magauni yanaweza kuwa yameshonwa vizuri, nywele zimefungwa sawasawa, wanaume wamezungusha vitambaa vyeupe shingoni hadi chini ya kidevu. Lakini wachezaji wakiwa wanatembea tu, polepole kama watu wanaosindikiza jeneza, anajua papo hapo kwamba hapo hakuna dansi ya Uingereza ya mwaka 1813. Vijana wa wakati ule waliruka, wakatoka jasho. Mwandishi wa riwaya Jane Austen, akiwa na umri wa miaka 23, alimwandikia dada yake tarehe 24 Desemba 1798 kwamba katika dansi waliyohudhuria walikuwapo watu 31, wanawake wakiwa 11 tu, na kwamba zilichezwa dansi 20, naye akazicheza zote bila kuchoka. Anayetaka kuirudisha dhifa ile leo aanzie hapo. Mwili ulioweza kucheza mara 20 usiku mmoja ulivaa nini, ulikula nini, ulimulikwa na nini, na ulifikaje pale?

Wako wengi Uingereza na Marekani wanaojaribu. Mwaka 2013 BBC ilirekodi jaribio la namna hii katika jumba la Chawton, Hampshire, lililokuwa mali ya Edward, kaka yake Jane Austen. Watu wa mavazi, mapishi, muziki na dansi waliitwa pamoja, na nadhani hilo la kuwaita pamoja ndilo lililokuwa na maana kuliko yote. Kila kitu katika usiku ule kimeshikana na kingine. Ukibadilisha taa, umebadilisha rangi ya nguo na joto la chumba. Ukibadilisha viatu, umebadilisha hatua. Ukichelewesha chakula, mchezaji wa dansi ya kumi na tano ataanguka.

Kwanza ni mwaka. Zama za Rijensi, yaani za ukaimu wa ufalme, kwa maana yake kamili, ni miaka 9 tu. Mfalme George III alipougua akili, Bunge lilimpa mwanawe mamlaka ya kukaimu mwanzoni mwa 1811, naye akakaimu hadi baba yake alipofariki Januari 1820. Wengi hulitumia jina hilo kwa upana zaidi, kuanzia miaka ya 1790 hadi 1830, na hapo ndipo makosa yanapoingia, kwa sababu ndani ya miaka ile dansi zilibadilika haraka. Kwadrili, ile ya jozi nne zinazosimama mraba, ilikuja kushika London kuanzia 1815, pale Lady Jersey alipoipeleka Almack's, ukumbi wa watu wa tabaka la juu. Walzi ilikuwa ikijulikana, lakini watu wengi waliionea haya, mwanamume na mwanamke kukumbatiana mbele za watu. Julai 1816 ilipochezwa katika dansi ya Kaimu Mfalme mwenyewe, gazeti la The Times liliikemea kwa maneno makali. Kwa hiyo anayeandaa dansi ya nyumba ya shambani Hampshire kwa mwaka 1813, kisha akaifungua kwa walzi, ameshakosea kabla mgeni wa kwanza hajavua koti. Achague mwaka mmoja, aung'ang'anie. Mimi ningechagua 1813.

Sasa nyumba. Tunaposikia neno dhifa tunawaza ukumbi mkubwa wenye nguzo, lakini makabaila wengi wa shambani hawakuwa na ukumbi maalumu wa dansi. Walihamisha samani za sebuleni, wakakunja zulia, wakapima kwa macho ni jozi ngapi zitaenea. Kabla ya usiku wenyewe, aliyemudu gharama alimwita fundi wa kuchora sakafu kwa chaki: maua, mizunguko, pengine nembo ya ukoo. Mchoro ulipendeza, na chaki ilizuia viatu vyembamba visiteleze kwenye mbao. Kufika usiku wa manane kazi yote ya fundi ilikuwa imefutwa na miguu ya wageni. Katika mambo yote ya zama zile, hili la chaki ndilo ninalolipenda kuliko mengine, na linashangaza kwamba waandaaji wengi wa leo hulisahau, ilhali chaki ni rahisi kuliko chochote.

Tarehe ya dhifa ilipangwa kwa mwezi, mwezi wa angani. Barabara za shambani hazikuwa na taa, magari ya farasi yalipita kwenye matope na madaraja membamba, na wageni wengine walitoka mbali. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua na hutua jua linapokaribia kuchomoza, hivyo humwangazia msafiri akienda na akirudi. Mwenye nyumba aliyepanga dhifa katika usiku wa giza angepata udhuru kutoka kwa majirani. Mwandaaji makini afungue jedwali la mwezi kabla ya kuandika kadi za mwaliko, hata kama wageni wake watakuja kwa treni, kwa sababu mwanga huo dirishani ni sehemu ya usiku wenyewe.

Ndani, mwanga ulikuwa mdogo kuliko tunavyoweza kuwaza sisi tuliozaliwa na swichi ukutani. Chukua mfano wa mji wa Bath, ambako majengo ya mikutano yaliyofunguliwa 1771 yana ukumbi wa dansi wa urefu wa zaidi ya mita 30. Humo zilining'inia thuria tano za kioo, kila moja ikibeba mishumaa 40. Mishumaa 200! Lakini mshumaa mmoja hutoa mwanga mdogo sana; kwa makadirio ya jumla, mishumaa 200 ni sawa na balbu tatu za kizamani za wati 60. Na ukumbi ule ulisifika kwa kung'aa. Nyumba ya shambani ilijitahidi kwa kichache ilichokuwa nacho, ikiweka vioo nyuma ya mishumaa ili mwali mmoja uonekane miwili.

Tena si kila mshumaa ni mshumaa. Ule wa mafuta ya ng'ombe au kondoo ulinuka, ukatoa moshi, na utambi wake ulihitaji kukatwa mara kwa mara kwa mkasi maalumu, la sivyo mwali ulififia na mafuta yakachuruzika. Ule wa nta ya nyuki uliwaka safi, lakini ulikuwa ghali, na kodi yake ilikuwa kubwa kuliko ya mwenzake. Serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya mishumaa hadi 1831. Mgeni aliyeinua macho na kuona thuria imejaa nta ya nyuki alijua kimya kimya ni pesa ngapi zinaungua juu ya kichwa chake.

Katika mwanga huo ndipo nguo zinapoeleweka. Gauni jeupe la melimeli likiwekwa chini ya taa kali za leo huonekana kama vazi la kulalia. Chini ya mishumaa, jeupe lilelile hukusanya kila mwali, uzi wa fedha kwenye pindo hucheza, shanga humetameta, na aliyevaa anaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Melimeli bora ilitoka Bengal, na sisi wa pwani tunalo jina lake kutoka kulekule Bara Hindi, malmal. Kufika 1813 viwanda vya Scotland na Lancashire vilikuwa vikifuma ya kwao, na pamba yao nyingi ilivunwa na watumwa katika mashamba ya Amerika.

Mpangilio wa nguo za mwanamke ulikuwa huu: shumizi ya kitani mwilini, juu yake koseti, kisha gaguro, kisha gauni lenye mkanda chini ya matiti. Kosa kubwa hapa ni kuvaa koseti ya zama za Malkia Victoria, ile ya kubana kiuno. Kiuno cha 1813 hakikuonekana, hakukuwa na haja ya kukibana. Koseti ya wakati ule ilinyanyua kifua, na kwa mbele ilikuwa na kijiti bapa cha mbao au cha pembe kilichomnyoosha mtu mgongo. Aliyeivaa hawezi kujikunja. Anakaa wima, anainama kutoka nyongani, na hatua zake za dansi hutoka miguuni bila mabega kuyumba. Ndiyo maana walimu wa dansi za kale husisitiza mazoezi yafanywe ndani ya koseti tangu wiki ya kwanza. Nguo zote hizo zilishonwa kwa mkono, maana cherehani haikuwa imeingia katika maisha ya watu. Viatu vya mwanamke vilikuwa laini, bila kisigino, na havikuwa na kulia wala kushoto. Usiku mmoja wa kuruka ulitosha kuvimaliza.

Kwa wanaume maelezo ni mafupi. Koti la rangi ya giza lenye mkia, kizibao cheupe, suruali inayoishia magotini, soksi ndefu za hariri, viatu vyepesi. Buti hazikuingia sakafuni. Maafisa wa jeshi walikuja na makoti yao mekundu, kwani Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon. Glavu kwa wote, wanaume kwa wanawake.

Tumefika kwenye miguu. Dansi kuu ya shambani ilikuwa ya safu. Wanaume wanasimama mstari mmoja, wanawake wanawakabili, na upande wa juu wa safu ni ule uliokaribu na wanamuziki. Jozi ya juu ndiyo inayochagua wimbo na mtindo wa kucheza. Halafu jozi hiyo peke yake huanza, ikicheza na jozi ya pili na ya tatu: kushikana mikono na kuzunguka, kushuka katikati ya safu na kurudi, kupishana. Wimbo ukifika mwisho, wameshuka nafasi moja na jozi ya pili imepanda. Wanaendelea hivyo kushuka, na nyuma yao kila jozi inayofika juu huanza kwa zamu yake. Wa chini kabisa husimama muda mrefu wakitazama.

Kusimama huko ndiko kulikokuwa na thamani. Safu ya jozi 15 iliweza kuchukua nusu saa na zaidi, na katika muda huo kijana na binti, ambao mahali pengine wasingeachwa waongee wawili, walisimama wakikabiliana na kuzungumza mbele ya watu wote bila yeyote kuwalaumu. Vikundi vingi vya leo, kwa huruma, huanzisha jozi zote kwa pamoja ili mtu asichoke kusubiri. Wanafurahi, ndiyo, lakini wameondoa kitu ambacho dhifa ilifanywa kwa ajili yake. Kama ningeombwa ushauri mmoja tu, ningesema: warudishieni wachezaji kule kusubiri.

Kosa jingine limeletwa na skrini. Katika tamthilia moja ya runinga ya 1995 na filamu moja ya 1996, wapenzi wanacheza Mr Beveridge's Maggot, dansi nzuri, ya taratibu, inayowapa waigizaji nafasi ya kusema maneno yao. Dansi hiyo ilichapishwa London mwaka 1695. Kwa vijana wa 1813 ilikuwa na umri wa zaidi ya karne, na muziki wake ungewasikikia kama kitu cha mababu wa babu zao. Walizotaka wao zilikuwa mpya. Wachapishaji wa London walitoa kila mwaka vijitabu vya dansi 24 za mwaka huo, nyimbo na maelekezo yake, na vingi vimehifadhiwa maktabani hadi leo. Thomas Wilson, mwalimu wa dansi wa London, alichapisha kuanzia 1808 vitabu vya kufafanua mitindo ya dansi za safu. Francis Peacock wa Aberdeen alieleza mwaka 1805 hatua za rili za Kiskoti, zile za kurukaruka ambazo Waingereza walizipenda mno. Humo ndimo mwandaaji anapaswa kuchota. Hatua zenyewe ni za kuteleza, kuruka kwa mguu mmoja na kutua kwa miwili, kwa mapigo ya haraka, na mtu wa leo asiyefanya mazoezi huhema baada ya dakika tano.

Wanamuziki walikuwa wachache: fidla mbili, selo, pengine filimbi au kinubi. Nyumba isiyo na pesa ilimweka mwanamke mmoja kwenye piano, naye akapoteza usiku wake wa kucheza. Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili anayeishi Ulaya alijue, akija kuambiwa kwamba uso wake haufai katika maigizo haya. Joseph Emidy, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyewahi kuwa mtumwa, alipiga fidla na kufundisha muziki Falmouth na Truro, huko Cornwall, hadi alipofariki 1835. George Bridgetower, mwenye asili ya Afrika kwa baba, alikuwa mpiga fidla wa huyohuyo aliyekuja kuwa Kaimu Mfalme, na mwaka 1803 alicheza na Beethoven jijini Vienna. Dido Elizabeth Belle, binti wa mwanamke mtumwa, alilelewa katika jumba la Kenwood na mjomba wa baba yake, jaji mkuu Lord Mansfield. Mtu mweusi katika dhifa ya zama hizo ni historia ya kweli.

Adabu za sakafuni zilikuwa na kanuni zake. Mwanamume hakumwomba dansi mwanamke asiyetambulishwa kwake, ingawa katika nyumba ya mtu mwaliko wenyewe ulirahisisha utambulisho. Mwanamke aliyemkatalia mmoja alitarajiwa akae, asimkubalie mwingine kwa dansi hiyo. Jozi isiyooana ikicheza pamoja mara nyingi kupita kiasi, wazee waliokaa pembeni walianza kunong'onezana kuhusu posa. Zile kadi ndogo za kuandika majina ya wachezaji, ambazo waandaaji wengi huzigawa mlangoni, zilikuja kuenea baadaye. Ziachwe.

Kati ya saa sita na saa saba usiku, muziki ulinyamaza na watu wakaenda kula. Meza ilipangwa vyakula vyote kwa mpigo, si sahani moja baada ya nyingine: kuku wa baridi, nyama, jeli, keki, matunda. Lakini chakula cha dhifa hasa kilikuwa supu nyeupe, na katika riwaya ya Jane Austen ya 1813 mwenye nyumba anasema atatuma kadi za mwaliko mara supu hiyo itakapokuwa tayari kwa wingi wa kutosha. Ukisoma namna John Farley, mpishi wa London, alivyoielekeza mwaka 1783, utaelewa sababu. Unachukua goti la ndama, kuku mkubwa na kipande cha nyama ya nguruwe, unavitia katika maji ya lita 6 hivi. Unaongeza mchele nusu ratili, dagaa wawili wa chumvi, pilipili manga, majani ya harufu, vitunguu na figili ya majani. Unachemsha hadi mchuzi ukolee, unachuja kwa chekeche la manyoya, unauacha ulale. Kesho yake unaengua mafuta yaliyoganda juu, unatia nusu ratili ya lozi zilizotwangwa laini, unachemsha kidogo, unachuja tena kwa kitambaa, kisha malai na kiini cha yai. Kwa wageni 60 zidisha mara tatu au nne, na kumbuka lozi hizo zilitwangwa kwa kinu na mchi, kwa mkono wa mtu. Ni supu ya siku mbili. Inashibisha, ina joto, na haimlemei mtu anayerudi kuruka hadi alfajiri.

Pamoja nayo kulikuwa na negasi, divai iliyochanganywa na maji ya moto, sukari, limau na kungumanga, kinywaji kilichobeba jina la Kanali Francis Negus.

Na sukari hiyo. Ililetwa mezani ikiwa bonge refu lenye umbo la pia, ikakatwa kwa koleo. Ilitoka Karibi. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yake uliendelea hadi sheria ya 1833. Jumba la Harewood, Yorkshire, lilijengwa kwa utajiri wa ukoo wa Lascelles uliotoka hukohuko Karibi. Wapo Waingereza waliokataa sukari hiyo tangu 1791 kwa sababu za dhamiri, na katika dhifa ya 1813 mgeni mmoja angeweza kabisa kuikataa mbele ya mwenyeji wake. Ningetaka mgeni huyo awepo kwenye kila igizo. Anayejali usahihi wa mishono ya gauni na kuinyamazia sukari ameigiza nusu ya chumba.

Nusu nyingine ilikuwa ghorofa ya chini na nje ya mlango: wapishi, wabeba sinia, aliyepita na mkasi wa kukatia tambi za mishumaa, watunza farasi waliosubiri kwenye baridi hadi saa kumi. Katika maigizo kila mtu anataka kuwa mgeni. Zipo njia za kulitengeneza hilo, na bora ninayoiona ni zamu: nusu ya kwanza ya usiku unacheza, nusu ya pili unahudumu. Mengine itabidi yakubaliwe. Majumba mengi ya kihistoria hayaruhusu moto wa wazi, na yana haki, kwa hiyo mishumaa itakuwa ya umeme. Basi iwe ya manjano iliyofifia, iwe michache, na mtu asishawishike kuongeza taa moja kubwa ya kupigia picha.

Alfajiri, magari yakishaondoka, kazi ya mwisho ilikuwa kusafisha thuria. Vipande vya mishumaa vilivyobaki havikutupwa. Kwa desturi vilikuwa haki ya watumishi, na nta ya nyuki iliuzika vizuri. Mtumishi alipanda ngazi, akaking'oa kipande kimoja kimoja, akakitia mfukoni, huku chini yake sakafu ikiwa imebaki na mabaka ya chaki yaliyokuwa maua.